Miche ya mikoko inakufa: soma dalili, kisha fuata maji

Vikundi vya upandaji huuliza swali moja kwa maneno machache: "Tumepanda, imekufa. Turudishie lini?" Jibu langu huwa linaudhi kidogo: msirudishie kwanza. Mche uliokufa ni ushahidi. Ukiung'oa haraka na kuziba pengo kwa mche mpya, umefuta ushahidi na kuupeleka mwingine kwenye kaburi lilelile. Ufilipino walipanda mikoko kwa miongo na kwa fedha nyingi, lakini tathmini zikaonyesha kuwa miche inayobaki hai baada ya miaka ni asilimia 10 hadi 20 tu. Kosa lililojirudia ni kupanda aina isiyofaa mahali pasipofaa.

Haya yameandikwa kwa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa. Majina hutofautiana kijiji kwa kijiji, kwa hiyo tukubaliane. Mkoko hapa ni ule wenye miguu kama ya buibui, Rhizophora mucronata. Msinzi, ambao wengine huuita muia, ni Bruguiera. Mkandaa ni Ceriops tagal. Mchu ni Avicennia marina, wenye vijiti vya kupumulia vilivyosimama topeni kama penseli. Mlilana ni Sonneratia alba, unaotangulia mbele kabisa upande wa bahari. Mkomafi na msikundazi itatajwa kwa kupita. Nikisema mikoko kwa wingi, nina maana ya jamii yote.

Jambo la kisheria nalo, mapema. Kenya ilitangaza mikoko yote kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Ya Tanzania Bara iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hata kama nia yako ni kupanda tu, anza kwa ofisa wa misitu na kamati ya kijiji. Kukata, kuchimba mfereji au kubomoa tuta bila kibali ni kosa, hata kama umefanya kwa mapenzi mema.

Kabla ya dalili yoyote: chupa kwenye fito

Kipimo hiki hakina gharama na hutatua karibu nusu ya kesi. Tafuta vipande viwili vya mwanzi, kila kimoja mita 2 na zaidi kidogo. Chukua chupa ndogo zenye mdomo mwembamba, uzifunge kwenye kila mwanzi kuanzia chini kwenda juu, moja kila sentimita 20, midomo ikitazama juu na bila vifuniko. Zikaze sana, maana chupa tupu huelea na itavuta kamba.

Siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakiwa yamekupwa, simika mwanzi mmoja katikati ya shamba lako. Wa pili usimike kwenye msitu wa asili ulio karibu, penye miti mikubwa ya aina ileile uliyopanda. Yote miwili isimikwe siku hiyohiyo, kwa sababu maji ya leo si ya kesho. Maji yajae, yakupwe, kisha nenda ukasome: chupa ya juu kabisa iliyojaa ndiyo alama ya kina. (Usifanye siku ya mvua. Niliwahi kuona chupa zote zimejaa na watu wakashangilia.)

Ikiwa kwenye miti ya asili imejaa chupa ya pili, na kwako imejaa ya tano, miche yako inakaa sentimita 60 chini zaidi ya pale aina hiyo inapoishi yenyewe. Hakuna mbolea, kigingi wala maombi yatakayofuta hizo sentimita 60. Mikoko mingi huishi nusu ya juu ya ngazi ya maji, kutoka usawa wa kati wa bahari kwenda juu, na hutaka kukaa nje ya maji muda mrefu kuliko ndani. Kwetu, ambako bamvua kubwa hukaribia tofauti ya mita 4 kati ya kujaa na kupwa, nusu mita ya ardhi hubadilisha saa za kuzama kwa kiasi kikubwa.

Dalili: miche imetoweka ndani ya wiki chache

Haikukauka wala kuoza. Haipo tu. Piga magoti utazame pale ulipokuwa mche.

Tundu likiwa wazi, limelainika kingo, na ukikuta mbegu zimelala mstari mmoja kwenye alama ya maji kujaa, basi maji yamechomoa. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa wingi, na mara nyingi imeletwa na mambo matatu kwa pamoja: uwanja ulio wazi kwa mawimbi, mbegu iliyochomekwa juujuu, na siku mbaya. Mbegu ya mkoko iingie topeni theluthi moja ya urefu wake. Ya sentimita 60 iende chini 20. Katika ukanda wa chini, panda maji mafu yanapoanza, yaani siku za maji madogo kati ya bamvua mbili, ili mbegu ipate siku kadhaa za utulivu kabla ya bamvua inayofuata. Ukanda wa juu, wa mkandaa na mchu, ni kinyume: huko maji mafu hayafiki kabisa, na mche mpya utakaa kavu wiki nzima. Huko panda wakati wa bamvua, au masika ikiwa imeshika.

Vigingi vya kufungia miche vina sifa kubwa kuliko faida. Hukusanya mwani, mwani huwa mzito, na maji yakivuta huondoka na mche na kigingi chake.

Kwenye uwanja ulio wazi nina maoni makali, na nimeyalipia. Niliwahi kushiriki kupanda kwenye tope pana lililo mbele ya msitu: jeupe, tambarare, zuri sana kwa picha. Kulikuwa na nyasi bahari hapa na pale, dalili tosha kwamba pale ni pa kina kirefu mno kwa mkoko. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akivuta mtumbwi alisimama akatutazama, akauliza: "Wanangu, mnadhani hapa mikoko haikuota kwa kukosa mtu wa kuipanda?" Tukacheka. Kusi ilipoanza kuvuma hatukuwa na cha kucheka. Tena tulikuwa tumekanyaga nyasi bahari ambako samaki wake walikuwa wakijilisha.

Ukikuta kisiki cha urefu wa kidole kilichochanwachanwa, au mbegu imevutwa nusu ndani ya shimo, mshukiwa ni kaa. Kaa hula mbegu changa kwa bidii, hasa katika ukanda wa juu wenye kivuli. Kwanza hesabu: wakila mmoja katika kumi, waache, hao ndio wanaolima na kupitisha hewa kwenye tope. Wakila nusu, ning'iniza mbegu kivulini siku tano hadi saba kabla ya kupanda; zikinyauka kidogo huwavutia kaa kwa uchache, na bado zitaota. Au tumia miche ya kitalu yenye shina gumu. Usimwage dawa wala mafuta kwenye mashimo yao. Nimeona ikipendekezwa, na nasema wazi kwamba ni ujinga.

Tondo, wale konokono wa topeni, nao hula. Mbegu hubaki mahali pake lakini ganda limekwanguliwa, na utawaona wamekusanyika kama mkutano. Waokote kwa mkono eneo la upandaji likiwa dogo. Kwato na mavi ya mbuzi huzungumza yenyewe: majani ya mchu ni chakula kizuri cha mifugo, na suluhisho ni mazungumzo na wenye mifugo kabla ya uzio.

Dalili: mche umesimama, lakini unakauka kuanzia juu

Kwanza hakikisha umekufa. Kwangua gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, upe muda. Ukiwa hudhurungi hadi chini, ng'oa mitatu au minne uitazame mizizi, maana majibu mengi yako huko.

Kuna kiriba? Utashangaa ni mara ngapi. Mche umepandwa na mfuko wake wa plastiki, mizizi imezunguka ndani kama kamba ya jora, na mti umejinyonga. Hakuna dawa kwa huo; kwa inayofuata, chana kiriba pembeni, kitoe, na uondoke na plastiki zote.

Mbegu imegeuzwa? Mbegu ya mkoko ina ncha moja kali na upande mwingine wenye kikonyo, pale ilipoangukia kutoka kwenye tunda. Ncha kali ndiyo huenda chini. Siku za upandaji wa hadhara, wageni wakiwa wengi, hupandwa kichwa chini safu nzima.

Mizizi ni mizuri lakini mche umekauka wiki ya kwanza au ya pili? Uliza kitalu. Miche iliyonyweshwa maji ya kisima miezi yote, chini ya kivuli kizito, ikapelekwa ghafla kwenye jua na maji ya bahari, hupata mshtuko. Mwezi wa mwisho kitaluni punguza kivuli hatua kwa hatua na uanze kuinywesha maji ya chumvi. Bora zaidi, weka kitalu pale bamvua inapofika, ili bahari ifanye kazi hiyo bila mshahara.

Mizizi imeoza, myeusi, inateleza? Mche umezama kupita kiasi, au maji hayatoki. Rudi kwenye chupa. Kisha soma sehemu ya tope jeusi hapa chini.

La mwisho ni aina. Ukipita kwenye msitu wa asili kutoka baharini kwenda nchi kavu, kwa kawaida utakutana na mlilana, kisha mkoko, msinzi, mkandaa, na mchu nyuma. Mchu ni mjanja, hujitokeza pia mbele pamoja na mlilana, kwa hiyo usimtumie kama kipimo cha ukanda. Mkomafi na msikundazi hupenda kule maji ya mto yanapopunguza ukali wa chumvi. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni kubwa, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Urahisi wa kuokota hausemi kitu kuhusu mahali pa kuishi.

Dalili: mche hai, mdogo, majani ya njano, haukui

Hii ndiyo dalili inayosumbua kuliko zote kwa sababu ina subira. Miche inaweza kukaa miaka miwili ikiwa na majani manne.

Chimba shimo la sentimita 30 hadi 50 kwa koleo, kaa kitako usubiri maji yajichuje ndani. Nusa. Harufu ya yai bovu kidogo ni kawaida ya mikokoni, lakini ikikupiga usoni, na tope likiwa jeusi kuanzia juu kabisa, ardhi haipumui: maji yanaingia na kutuama. Tafuta kilichoyazuia. Mara nyingi ni kijifereji kilichozibwa na matawi na takataka, na hicho kikundi kinaweza kukizibua kwa mikono asubuhi moja. Tuta la barabara, kalvati iliyowekwa juu mno, au ukuta wa mashamba ya chumvi ni kesi nyingine. Hapo simama, kwa sababu ukikata tuta unaweza kufurika shamba la jirani au kukausha upande wa pili. Kazi hiyo inahitaji mtaalamu wa maji, kibali cha misitu, na idhini ya mazingira: NEMA Kenya, NEMC Tanzania Bara, ZEMA Zanzibar.

Maji ya shimoni pima chumvi kwa kipimo cha mkononi kama mna mtu wa kuwaazima. Bahari ina gramu takriban 35 kwa kila lita. Mkoko huanza kuteseka chumvi ikipanda sana juu ya hapo. Mkandaa huvumilia zaidi. Mchu huweza kuishi hata penye mara mbili ya bahari, lakini atakuwa kichaka cha kufika kiunoni badala ya mti. Kwa hiyo ukiwa na chumvi kali na mchu mfupi wenye afya, huna tatizo la kutatua. Huo ndio urefu wake pale.

Ardhi ikiwa ngumu kiasi kwamba koleo linagonga, au imekanyagwa na mifugo na njia ya miguu, mizizi haipenyi. Kivuli pia: mkandaa mchanga huvumilia chini ya miti mikubwa, lakini mlilana na mchu hutaka jua.

Mbolea? Watu huuliza. Sijawahi kuipendekeza mikokoni na sitaanza leo.

Dalili: shina limevaa magamba meupe, au limefunikwa na mwani

Hao wenye magamba ni walewale wanaoganda kwenye ngalawa isiyopakwa. Wachache hawana madhara. Wakizunguka shina lote huongeza uzito, huziba matundu ya kupumulia, na mche huinama hadi kulala topeni. Kikundi hutuma vijana na visu kuwakwangua. Matokeo ni gome lililojeruhiwa, na magamba mapya baada ya bamvua chache.

Wanyama hao huhitaji kuzama muda mrefu ili kula. Kwa hiyo wao ni kipimo cha kina kilichojisimamisha chenyewe: walipo wengi, miche imepandwa chini mno. Panda hatua chache kuelekea nchi kavu. Ikiwa ni lazima mahali palepale, tumia miche mikubwa iliyokomaa shina, na ukubali hasara. Mwani uondoe kwa mkono, taratibu, siku maji yamekupwa.

Dalili: kitaluni mbegu hazioti

Haraka, kwa sababu hapa sababu ni chache. Mbegu changa ndiyo ya kwanza. Usichume kwa kuvuta. Ya mkoko ikikomaa huwa na pete ya manjano pale inapokutana na tunda, na ukiigusa inaachia. Ya pili ni vitobo vidogo kama vya sindano kwenye mbegu: ni mdudu anayetoboa ndani, na zenye vitobo tupa mbali na kitalu. Mbegu za mchu loweka usiku mmoja mpaka ganda jembamba litoke lenyewe, kisha zipande upesi, hazihifadhiki. Za mlilana ni ndogo ndani ya tunda laini: loweka tunda, lioshe, sia kwenye tope laini lenye unyevu wa kudumu. Mkomafi una mbegu kubwa zenye pembe na huchukua muda wake. Usizitupe kabla ya wakati.

Dalili: uwanja mtupu wenye ukoko wa chumvi

Nyuma ya mchu mara nyingi kuna jangwa jeupe linalong'aa jua la mchana. Bahari huligusa kwa bamvua kubwa tu, hasa zile za Machi na Septemba, na kati ya hapo jua hukausha maji na kuacha chumvi. Mara nyingi pako hivyo kwa asili, na hapaumwi.

Kabla ya kupanda, thibitisha kwamba palikuwa na miti. Tafuta visiki. Chimba uone kama kuna mizizi ya zamani. Waulize wazee waliokata boriti na fito hapo ujana wao. Wanajua kila hori, kila mkono wa bahari, kwa jina. Tazama picha za satelaiti za miaka ya nyuma. Kama hapakuwa na kitu, achana napo, ni mahali pa ndege wa pwani kulisha.

Kama miti ilikuwepo na imetoweka, kuna kilichobadilika: maji yamezuiwa, au miti ilikatwa yote na ardhi ikaungua kwa jua. Chunguza kingo. Ukiona mboga ya pwani imeanza kutambaa na majani yake manene, na nyuma yake michu miwili mitatu imejiotea, uwanja unapona wenyewe na kazi yako ni kuulinda dhidi ya miguu na mifugo. Mmarekani Robin Lewis alionyesha huko Florida kwamba kina na mifereji vikirekebishwa, mikoko hurudi kwa mbegu zinazoletwa na maji, bila mtu kuipanda. Kwa vikundi vilivyoahidi mfadhili idadi ya miche, habari hii ni chungu.

Usifungue mfereji kwenye jangwa la chumvi kwa kubahatisha. Mfereji wenye mteremko mbaya hukausha msitu ulio chini yake. Hapo mwite mtaalamu wa upimaji wa ardhi.

Dalili: kangaga na matete yanaingia

Yakijitokeza mahali palipokuwa pa mikoko, maji baridi yameongezeka au miti imepungua na kuacha mwanga. Kangaga hupenda uwazi, na likishika huweka pazia ambalo mche haupenyi. Eneo dogo fyeka na panda miche mirefu ya msinzi au mkomafi. Eneo kubwa uliza kwanza mto unafanya nini. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Tanzania, ni funzo: tangu miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, chumvi ikapungua, na wakulima wakaona kwamba mpunga unakubali palipokuwa na mikoko. Huko hutatui tatizo la mche. Unaingia kwenye suala la ardhi na riziki, na jembe halitoshi. Tena kwenye delta kuna mamba na viboko. Usiingie bila mwenyeji.

Dalili: matawi ya mlilana yanakauka, unga kwenye gome

Tazama kama kuna vitundu na unga wa mbao, au uzi uliochanganyika na kinyesi cha mdudu juu ya gome. Mlilana wa pwani ya Kenya umeshambuliwa na watoboaji, akiwemo nondo aitwaye Salagena discata na mbawakawa. Tawi moja moja si dharura. Miti mingi ikikauka kuanzia juu, piga picha, chukua kipande cha tawi chenye mdudu ndani ukiweke kwenye chupa, na upeleke kwa watafiti: KMFRI kwa Kenya, Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar au TAFIRI kwa Tanzania. Kunyunyiza dawa ni marufuku kwa akili ya kawaida: maji yanayofuata yataipeleka kwa kamba, kaa na sahani yako.

Dalili: miti mikubwa inakufa kwa pamoja

Umbo la eneo husema mengi. Duara dogo la miti iliyokufa imesimama, katikati ya msitu mzima, kwa kawaida ni radi. Halihitaji kitu. Mwanga ukiingia, miche ya asili itajaza.

Eneo refu kandokando ya mto au hori, na vijiti vya kupumulia vya mchu havionekani tena? Chomeka mkono topeni uvitafute. Vikiwa chini ya mchanga au tope jipya, miti imezikwa pumzi. Sentimita 10 zinatosha kuua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori la Mwache, Mombasa, na msitu mkubwa ukafa hivyo. Kufukua vijiti kwa mkono kunawezekana kwa miti michache, si kwa ekari. Udongo wenyewe unatoka bara, shambani na machimboni, na huko ndiko pa kuanzia.

Eneo lote lililo nyuma ya tuta au barabara mpya: maji yamekatwa au yametuama. Hapa kila wiki ina thamani, kwa sababu miti iliyopoteza majani mara moja huweza kurudi, lakini mara ya pili ni nadra. Toa taarifa siku hiyohiyo.

Mafuta kwenye mizizi, mng'ao wa rangi juu ya maji, harufu ya dizeli: toka nje, waondoe watoto na wavuvi, piga simu mamlaka ya mazingira na ya bandari. Usioshe kwa sabuni. Usiingize watu kufuta mizizi, kwa kuwa kila mguu husukuma mafuta ndani ya tope, na yakishaingia humo hukaa miaka mingi.

Unapoita mtaalamu kwa lolote kati ya haya, mtumie kwanza tarehe uliyoona dalili, mahali penyewe kutoka kwenye simu, picha ya mbali na ya karibu, usomaji wa chupa kama unao, na picha ya mizizi iliyochimbuliwa. Mwambie pia mvua kubwa ya mwisho ilikuwa lini, na kama kuna ujenzi ulioanza upande wa juu. Miti iliyokauka iacheni imesimama hadi afike. Kuna watakaosema ni kuni za bure na tayari zimekufa. Zinahitaji kibali vilevile, na gome lake ndilo mtaalamu anakuja kulitazama.